Tutembee Marekani: Vyuo Vinavyowafinyanga Warushaji wa Mpira



Mwalimu aandikapo ubaoni, wenye kujua hutambua mara moja chuo alichosomea. Herufi zake, jinsi anavyoshika chaki, hata namna anavyowageukia watoto kuwauliza swali, vyote humtaja mwalimu aliyemfundisha. Mimi nilipita chuo cha ualimu kabla ya kuwa karani wa parokia, na siku hizi kazi yangu ni kutunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Humo naona miandiko ya makatekista na makarani walionitangulia. Wengi wao sikupata kuwaona kwa macho, lakini kwa mwandiko tu najua ni nani na nani walikaa mbele ya mwalimu mmoja. Mkono hausahau upesi ulikofundishwa.

Leo nataka kukuonyesha jambo hilo mahali ambapo pengine hukulitazamia, yaani katika viwanja vya mpira vya Marekani. Hatuna haja ya tikiti wala pasi ya kusafiria. Ramani ya shuleni ya mtoto wako yatosha. Tutapita miji kadhaa, na kila tutakapofika tutauliza swali moja tu: kijana akiisha kufundishwa namna moja chuoni, je, mwajiri wake wa baadaye amvunje na kumfinyanga upya, au ajenge juu ya msingi alioukuta? Swali hili limewagharimu watu wa huko miaka ya ujana wao na fedha nyingi. Nalo latuhusu sisi pia tulio na watoto shuleni.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya mchezo. Wamarekani wakisema futiboli hawana maana ya kandanda tunayoicheza sisi. Mpira wao una umbo la yai lenye ncha mbili, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono kuliko kupigwa teke. Kila upande una watu 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na kidogo, na katika kila mwisho kuna eneo la yadi 10. Anayeufikisha mpira katika eneo la wapinzani huipatia timu yake pointi 6. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kwenda mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa nafasi nyingine 4. Ikishindwa, mpira huwaendea wapinzani.

Katika kundi hilo yuko mmoja ambaye karibu kila jambo hupitia mikononi mwake. Wamarekani humwita kwotabeki. Sisi katika safari hii tutamwita mrushaji, kwa kuwa kurusha ndiyo kazi yake kubwa. Hupokea mpira, hutazama wenzake wanavyokimbia na wapinzani walivyojipanga, na katika muda wa sekunde mbili au tatu sharti awe amekata shauri: amrushie nani, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe? Na wakati huo huo watu wenye uzito wa kilo mia na zaidi wanamjia mbio kumwangusha.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo ufunguo wa safari yetu. Ligi kubwa ya kulipwa, iitwayo NFL, ina timu 32, nazo hazina shule zao za kulea vijana kama zilivyo nazo timu nyingi za kandanda za Ulaya. Kazi ya kulea imeachiwa vyuo vikuu. Sheria ya ligi yasema kijana hawezi kuchaguliwa mpaka iwe imepita miaka 3 tangu alipomaliza shule ya sekondari. Kwa hiyo karibu kila mrushaji amepita kwanza mikononi mwa mwalimu wa chuo. Na mwalimu huyo hana nia ya kumtengenezea mtu mwingine mchezaji. Anataka kushinda mechi zake za Jumamosi kwa vijana alio nao. Hapo ndipo mtindo wa mrushaji huzaliwa.

SOUTH BEND: WALIPOJIFUNZA KURUSHA

Tuanze upande wa kaskazini, katika jimbo la Indiana, si mbali na ziwa Michigan. Hapo pana mji wa South Bend, na kando yake Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Shirika hilo si geni kwetu Afrika ya Mashariki. Mapadre wake waliingia Uganda mwaka 1958, na Askofu wa kwanza wa Fort Portal, Vincent McCauley, alikuwa mwana wa shirika hilo.

Ukifika chuoni utaona kwanza kuba la dhahabu lenye sanamu ya Bikira Maria juu yake, kisha pango lililojengwa mwaka 1896 kwa mfano wa lile la Lourdes. Mbele zaidi pana uwanja wa mpira, uliofunguliwa mwaka 1930, ambao siku hizi huingiza watu zaidi ya 77,000. Ukuta wa maktaba unaoelekea uwanjani una picha kubwa ya Kristo, ya vijiwe vya rangi, ameinua mikono yake. Na kwa kuwa mwamuzi wa mchezo huu naye huinua mikono yote miwili pointi zinapopatikana, wanafunzi hawakukosa kuipa picha hiyo jina lao la utani.

Zamani mchezo huu ulikuwa wa kusukumana tu, kundi kwa kundi, na vijana waliumia vibaya. Katika mwaka 1905 wengine walikufa uwanjani, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton, akawaambia mchezo sharti utengenezwe. Mwaka uliofuata, 1906, sheria iliruhusu mpira kurushwa mbele. Lakini ruhusa si ustadi. Vyuo vikubwa viliendelea kusukumana kama kawaida yao. Tarehe 1 Novemba 1913 vijana wa Notre Dame walisafiri kwenda kucheza na chuo cha kijeshi cha West Point. Mrushaji wao, Gus Dorais, alimrushia mpira mara kwa mara mwenzake Knute Rockne, kijana mzaliwa wa Norway, nao wakashinda pointi 35 kwa 13. Hawakuwa wa kwanza kurusha, lakini siku ile wengi walifumbuka macho. Basi tangu mwanzo mambo mapya ya mchezo huu yalijaribiwa vyuoni kabla ya kufika kwa watu wa kulipwa.

Katika chuo hiki hiki alifika mwaka 1974 kijana aitwaye Joe Montana. Hakupewa nafasi upesi. Alikaa nyuma ya wengine, akaumia bega, akakosa mwaka mzima wa 1976. Mara nyingi aliitwa kuingia uwanjani wakati timu yake ilikwisha kuzidiwa. Akazoea kufanya kazi wakati wa taabu. Tarehe 1 Januari 1979, mjini Dallas, walicheza na chuo cha Houston katika baridi ya barafu. Montana alishikwa na baridi hata joto la mwili wake likashuka, akabaki chumbani akifunikwa mablanketi na kunyweshwa supu. Timu yake ilikuwa nyuma, 34 kwa 12. Alirudi uwanjani, na dakika zilipokwisha Notre Dame ilikuwa imeshinda 35 kwa 34. Hata hivyo timu za kulipwa zilisema mkono wake si wa nguvu. Vijana 81 walichaguliwa kabla yake mwaka ule.

UTAH: WALIOKOSA MAJITU WAKACHAGUA AKILI

Sasa twende magharibi, tuvuke nchi tambarare mpaka tufike milima ya jimbo la Utah. Chini ya mlima umelala mji wa Provo, penye Chuo Kikuu cha Brigham Young, cha kanisa la Wamormoni. Mwaka 1972 chuo hicho kilimpa timu mwalimu mmoja mpole, LaVell Edwards, naye alikaa nayo mpaka mwaka 2000. Edwards alikuta shida ambayo kila mwalimu wa shule ndogo anaijua: wale vijana wakubwa wenye mbio na nguvu walikwenda kwenye vyuo vyenye sifa zaidi. Akaona kwamba akisukumana nao atashindwa kila Jumamosi. Basi akaamua kurusha. Aliwafundisha vijana wake pasi fupi, za hesabu, mpira ufike mahali wakati ule ule mwenzake anapofika. Mwaka 1984 chuo hicho cha milimani kikawa bingwa wa vyuo vyote.

Mmoja wa warushaji wa Provo aliitwa Steve Young. Alirusha kwa mkono wa kushoto. Alipofika chuoni alijua kukimbia, lakini kurusha hakujua vizuri, akawekwa mwisho kabisa wa safu ya warushaji, na walimu wengine waliona heri ahamishiwe kazi ya ulinzi. Yeye akabaki akimtazama Jim McMahon, mrushaji aliyemtangulia, akimwiga hatua kwa hatua. Katika mwaka wake wa mwisho, 1983, pasi zake 71 katika kila 100 zilifika. Mkimbiaji akawa fundi wa kulenga shabaha.

Katika timu za Edwards alikuwamo pia kijana mnene, mmoja wa wale wanaomkinga mrushaji, jina lake Andy Reid. Hakuwa mchezaji wa kusifiwa sana. Lakini liweke jina hili akilini, maana tutalikuta tena mbele.

Kutoka Provo, mwendo wa kilometa kama 70 kwenda kaskazini, upo mji wa Salt Lake City, na humo Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 2004 mwalimu wake, Urban Meyer, alikuwa na mrushaji mwembamba mwenye akili nyingi za darasani, Alex Smith. Meyer aliwatawanya wachezaji wake wafunike upana wote wa uwanja, naye Smith akasimama yadi chache nyuma, mpira ukaletwa kwake kwa kurushwa. Kutoka pale alimtazama mlinzi mmoja tu: huyu akija huku, mpira unakwenda kule. Mwaka ule timu yao haikushindwa hata mara moja.

SAN FRANCISCO: WATU WATATU, VYUO VITATU

Tuteremke sasa mpaka pwani ya magharibi, San Francisco, tukaone kazi ya vyuo hivyo mikononi mwa watu wa kulipwa. Timu ya mji huu kwa nyakati mbalimbali iliwachukua wote watatu: Montana, Young na Smith.

Montana alifika mwaka 1979. Mwalimu Bill Walsh hakumlaumu kwa kukosa mkono wa nguvu. Alitazama alicho nacho: miguu myepesi, macho yenye utulivu, moyo usiobabaika. Akamjengea mchezo wa pasi fupi zinazofuata hesabu ya hatua za miguu. Timu ikawa bingwa mara 4 Montana akiwa mrushaji. Katika fainali ya Januari 1989 walikuwa nyuma kwa pointi 3, zimebaki dakika 3 na kidogo, na mbele yao yadi 92. Montana akawaongoza wenzake pole pole mpaka akarusha pasi ya ushindi zikiwa zimebaki sekunde 34. Kijana aliyezoea taabu huko Notre Dame hakuona jambo geni.

Young aliletwa mwaka 1987, akakaa nyuma ya Montana miaka 4, naye hakuacha mbio zake wala shabaha ya Provo. Katika fainali ya Januari 1995 alirusha pasi 6 za pointi.

Halafu akaja Smith, mwaka 2005, wa kwanza kabisa kuchaguliwa kati ya vijana wote wa mwaka ule. Na hapa msomaji utaona upande mwingine wa mambo. Mchezo wa kulipwa wa siku zile haukufanana na ule aliofundishwa. Alitakiwa kuupokea mpira mkononi kwa mkono, mgongo wa mwenzake ukiwa mbele yake, kisha arudi nyuma hatua 3, 5 au 7 huku akisoma ulinzi wote. Alitakiwa kukariri maneno marefu ya mpango, ayasikie kwa redio ndogo ndani ya kofia yake na kuwatangazia wenzake. Vijana wa vyuo hawakuwa na redio hizo. Kwao ziliruhusiwa mwaka 2024. Wao walizoea kumtazama mwalimu kando ya uwanja akiwapa ishara za mikono.

Hata uwanja si ule ule, ingawa vipimo vya nje ni sawa. Katikati ya uwanja kuna safu mbili za alama za kuwekea mpira. Kwa vyuo safu hizo zimeachana futi 40. Kwa watu wa kulipwa futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo chuoni mpira ukiwekwa kwenye alama ya upande mmoja, upande wa pili hubaki mpana kama shamba lisilo na mlinzi. Kwa watu wa kulipwa nafasi hiyo imegawanyika pande zote mbili, na walinzi wao ni wepesi zaidi.

Mwaka wake wa kwanza Smith alipata pasi 1 tu ya pointi, na pasi zake 11 zilidakwa na wapinzani. Tena, karibu kila mwaka alipewa fundi mwingine wa mashambulizi mwenye lugha nyingine. Fikiri mtoto anayebadilishiwa mwalimu na kitabu kila mwaka, kisha anapigiwa kelele kwa kutojua kusoma! Watazamaji walimzomea. Ni mpaka mwaka 2011, alipopata mwalimu aliyempangia mchezo kwa kadiri yake, ndipo timu ilipofika hatua moja tu kabla ya fainali. Miaka 6 ilikuwa imepita, na ujana haurudi.

LUBBOCK: PAMBA, UPEPO NA PASI

Turudi sasa bara, upande wa magharibi wa jimbo la Texas. Lubbock ni mji wa nchi tambarare, yenye upepo na vumbi, na mashamba ya pamba yasiyo na mwisho. Msomaji wa Shinyanga angeona zao analolijua, ingawa huko huvunwa kwa mashine. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Texas Tech.

Mwaka 2000 chuo hiki kilimwajiri Mike Leach. Bwana huyu alisomea sheria, wala hakucheza mpira chuoni. Alikuwa amesoma Provo siku za Edwards, akaona pasi zile. Baadaye yeye na mwenzake Hal Mumme waliufundisha mchezo huo kuanzia mwaka 1989 katika vyuo vidogo, wakiupunguza na kuurahisisha. Kanuni yao mwalimu yeyote wa darasa la kwanza angeielewa: masomo machache, yarudiwe mara nyingi. Mipango yao ilikuwa ya kuhesabika, lakini kila siku ilirudiwa mpaka kijana aifanye bila kufikiri. Wakawatawanya wachezaji, wakamsimamisha mrushaji nyuma, wakamwambia: tazama palipo wazi, rusha. Kumbuka kwamba kwa sheria za vyuo muda wa mazoezi ni saa 20 tu kwa juma. Mwenye muda mfupi hana budi kuchagua la kufundisha.

Warushaji wa Lubbock walipata yadi nyingi mno, lakini watu wa kulipwa waliwadharau. Walisema si ustadi wao, ni mpango wa mwalimu. Mmoja wao, Kliff Kingsbury, alichaguliwa mwaka 2003, akahamahama timu bila kupata nafasi. Mwaka 2013 akarudi Lubbock, sasa yeye ndiye mwalimu wa timu. Na mwaka uliofuata akampokea kijana kutoka mashariki ya Texas, Patrick Mahomes.

Baba yake Mahomes alikuwa mchezaji wa kulipwa wa besiboli, mchezo ambao mpira mdogo hurushwa kwa nguvu na kupigwa kwa gongo. Mtoto alikua akirusha mpira huo, akazoea kuachia kutoka juu, kutoka ubavuni, hata akiwa anakimbia. Walimu wengi wangemkataza. Kule Lubbock hawakumkataza. Tarehe 22 Oktoba 2016 Texas Tech ilicheza na chuo cha Oklahoma. Mahomes alirusha mara 88, akapata yadi 734, akaifikia rekodi ya vyuo vikubwa. Hata hivyo timu yake ilishindwa, 66 kwa 59! Na upande wa pili mrushaji alikuwa Baker Mayfield, ambaye naye alianzia Lubbock, na fundi wa mashambulizi yao alikuwa Lincoln Riley, aliyejifunza kazi kwa Leach. Siku ile mafundisho ya mwalimu mmoja yalicheza pande zote mbili. Leach alifariki Desemba 2022, lakini mwandiko wake bado wasomeka.

KANSAS CITY: NJIA ZOTE ZAKUTANA

Kituo chetu cha mwisho ni Kansas City, mji ulioko kwenye mto Missouri, katikati ya nchi. Montana alimalizia kazi yake hapa, mwaka 1993 na 1994. Mwaka 2013 alifika hapa Alex Smith, ametoka San Francisco. Na mwaka huo huo alifika mwalimu mpya wa timu. Ni nani? Ni yule kijana mnene wa Provo, Andy Reid.

Reid alikuwa ameyaona tangu ujana wake mambo ambayo chuo kidogo kinaweza kuwafundisha wakubwa. Hakumwambia Smith asahau Utah. Alichukua mipango ya vyuoni, ile ile ambayo wenzake waliicheka, akaichanganya na ya kulipwa. Smith akatulia, akawa mrushaji mwema wa kutegemewa. Kisha mwaka 2017 Reid akamchagua Mahomes, kijana wa 10 katika uteuzi wa mwaka ule. Timu 9 zilikuwa zimewachagua wengine.

Lakini tazama hekima yake. Hakumtupa Mahomes uwanjani siku ya kwanza. Mwaka mzima alimweka nyuma ya Smith, ajifunze maneno marefu, namna ya kusoma ulinzi, na kazi ya kila siku ya mtu mzima. Akacheza mechi moja tu, ya mwisho. Yale ambayo Lubbock haikumfundisha aliongezewa. Yale aliyokuja nayo hakunyang'anywa. Mwaka 2018 alipopewa timu, alirusha pasi 50 za pointi. Februari 2020 Kansas City ikawa bingwa baada ya miaka 50, kwa kuishinda San Francisco 31 kwa 20. Wakawa mabingwa tena Februari 2023, na tena Februari 2024, safari hii pia kwa kuishinda San Francisco.

Na Smith? Alipelekwa Washington. Novemba 2018 mguu wake ulivunjika vibaya uwanjani, kidonda kikaoza, nusura akatwe mguu na kupoteza maisha. Alipasuliwa mara 17. Oktoba 2020 alirudi kucheza, na mwaka 2021 akastaafu kwa heshima. Nakuambia haya, msomaji, usije ukadhani kwamba safari hii yote ni ya dhahabu na tarumbeta.

YATUPASAYO SISI

Kuna hesabu moja ambayo wazazi wa huko huambiwa: katika kila vijana 100 wanaocheza futiboli ya vyuo, hawafiki 2 wanaopata kuingia ligi ya kulipwa. Wengine wote, 98 na zaidi, watakula kwa kile walichosoma darasani. Na siku hizi vishawishi vimezidi. Tangu mwaka 2021 vijana wa vyuo wameruhusiwa kupokea fedha kwa ajili ya jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa. Pia waweza kuhama chuo kwa urahisi kuliko zamani. Kuhama si kubaya siku zote. Joe Burrow alihama kutoka Ohio mwaka 2018 akaenda Louisiana, na katika msimu wa 2019 akawa bingwa wa vyuo vyote. Lakini anayehama kila mwaka kufuata fedha atakuwa na walimu wanne na asiwe na mwandiko hata mmoja.

Basi, baba na mama, mnapotafuta shule ya mtoto, msiulize tu jina la shule na ukubwa wa majengo yake. Ulizeni nani atakayemfundisha, na kwa namna gani, maana alama ya mtu huyo itabaki mkononi mwa mtoto wenu miaka 40. Chuo kidogo cha milimani na chuo cha mashamba ya pamba vilitoa watu walioubadilisha mchezo wote, kwa sababu vilikuwa na walimu waliowatazama vijana walio nao, si vijana waliowatamani.

Nanyi walimu wenzangu na mafundi wa kila kazi, mara nyingi mtapokea mtoto aliyekwisha kufundishwa na mwingine. Atashika jembe, kalamu, sindano au randa kwa namna msiyoizoea. Labda hata atatumia mkono wa kushoto, kama Steve Young. Msikimbilie fimbo. Mtazameni kwanza juma moja au mawili, mwone kazi inatoka namna gani. Penye upungufu mwongezeni, kwa uvumilivu, kama Mahomes alivyoongezewa mwaka mzima. Palipo pema pachwe kama palivyo, ijapokuwa si nyinyi mliopatengeneza.